Mistari Tisa ya Kando ya Njia

Kwa siku kumi na sita mfuko wa mbolea ulilala chini ya kitanda cha Mwenyekiti, na kwa siku zote hizo kumi na sita halikudondoka hata tone la mvua. Ulikuwa mfuko mweupe wa kilo hamsini, umeshonwa mdomo kwa uzi wa bluu, na ubavuni umechorwa ua la alizeti linalotabasamu. Mke wake akifagia chumbani ilimbidi auzunguke kwa ufagio, na kila alipouzunguka aliuambia maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Alizeti yenyewe, ile ya shambani, haikuwa na cha kutabasamia. Ilifika magotini ikagoma. Asubuhi ilijitahidi kunyoosha majani, saa nne ikaanza kuyakunja, na ikifika saa saba ekari nzima ilikuwa imelegea kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Udongo ulikuwa na nyufa. Ukichomeka kidole kwenye ufa kiliingia mpaka kiungo cha pili, na huko ndani kulikuwa na joto vilevile.

Msimu huo hawakupanda kitu kingine. Mwenyekiti, kama kiongozi wa kikundi cha wakulima, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu thelathini na wanne walime alizeti ya kiwanda cha mafuta, na asingeweza kuwashawishi wenzake kisha kwake apande mahindi. Kiwanda ndicho kilichotoa mbegu, ndicho kilichotoa mbolea, na ndicho pekee kitakachonunua. Hiyo ekari moja ikifa, nyumba ile haina mlango mwingine wa kubisha hodi.

Jumanne Bwana Shamba alifika na pikipiki yake, akasimama mbele ya ghala la kikundi bila kuvua kofia ngumu. Watu walijua maana yake: hakai.

"Ndugu zangu, kesho alizeti inatimiza siku ya thelathini. Mbolea ya kukuzia iingie ardhini. Jumamosi Mwenyekiti anakusanya mifuko mitupu, Jumatatu mimi naichukua. Asiye na mfuko mtupu, jina lake linafutwa kiwandani."

Habari ya mifuko mitupu haikutoka hewani. Msimu uliopita mbolea ya kiwanda ilionekana sokoni inauzwa kwa vipimo, imepangwa vizuri kabisa karibu na chumvi. Tangu hapo kiwanda hakikutaka tena maneno ya mtu, kilitaka mfuko.

Mke wa Mwenyekiti alinyoosha mkono. Watu walimwita Mama Sindano, kwa sababu alishona midomo ya magunia pale kiwandani misimu sita, mpaka ilipoletwa mashine ikamshinda mwendo.

"Bwana Shamba, udongo umekauka. Tukiitia leo itafanya nini humo?"

Bwana Shamba alitoa kijitabu mfukoni, akakifungua, akakifunga. "Kijitabu kinasema siku ya thelathini, mama."

"Kijitabu kimeambiwa kwamba mvua haijanyesha?"

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kinyozi, jirani yao, ambaye alinyoa vichwa sokoni na kulima siku ambazo vichwa havikuja. Mwenyekiti hakucheka. Alikohoa kile kikohozi chake cha mkutanoni, ambacho mkewe alikifahamu vizuri: nyamaza, unaniaibisha.

"Mama," alisema Bwana Shamba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli, "mimi nina vikundi kumi na kimoja. Kila kikundi kikianza kuniuliza habari za mawingu, nitamaliza lini? Na mimi nina bosi. Naye anataka mifuko."

Akawasha pikipiki. Vumbi lake lilichukua muda mrefu kutua.

 

Walianza kugombana njiani, wakaendelea uani, na walipofika mlangoni hawakumsalimia hata Bibi, mama yake Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua maharage.

"Na mimi ni mama wa mtu, shikamoo yangu iko wapi?" Bibi aliuliza.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili kwa pamoja, wakaendelea kugombana.

"Sikiliza baba," alisema Mama Sindano. "Tuna ndoo mbili zenye mifuniko na lile pipa la maji, ambalo halina maji. Tunaimimina mbolea humo, tunafunika. Jumamosi unapeleka mfuko mtupu. Mvua ikinyesha, tunaitia. Nani ameumia?"

"Huo ni uongo."

"Uongo gani? Mfuko si utakuwa mtupu?"

"Mfuko mtupu maana yake mbolea iko shambani. Ndiyo maana unatakiwa. Mimi ndiye nitakayekaa pale mezani na kalamu, naandika, fulani katia, fulani katia. Niandike na jina langu hapo, huku mbolea iko kwenye pipa langu?"

"Wenzako watafanya hivyo hivyo."

"Wenzangu si wenyeviti."

Mama Sindano alitazama mbingu kama anamtafuta huko mtu wa kumsaidia. "Mume wangu, mmea hauna maji ya kunywa, wewe unaupa chumvi. Wewe ukiwa na kiu nikakupa kijiko cha chumvi, utasema mke wangu ananijali?"

"Ratiba imepangwa na watu waliosoma."

"Waliosoma hawali hapa."

Mwenyekiti aliingia ndani. Hakuwa mtu mbaya, hilo lieleweke. Alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri na kwa sababu hajawahi kuchukua cha mtu, na sifa hizo mbili zilimkaa kichwani kama kofia inayobana: aliona aibu kuivua hata kulipokuwa na joto. Jambo likiandikwa kwenye karatasi yenye mistari, kwake lilikuwa limekwisha.

"Mwanangu huyu," Bibi alisema bila kuinua macho kwenye ungo, "akiwa mdogo nilimtuma akaangalie chungu mpaka nirudi. Chungu kikaungua, yeye yuko pale pale anakiangalia."

 

Jumatano Mwenyekiti alitoka kwenda kuwakumbusha watu, nyumba kwa nyumba, na daftari kwapani. Mama Sindano alisubiri mpaka alipopotelea kwenye kona, akauvuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda.

Mtu asiyejua angeukata uzi kwa kisu. Yeye aliupapasa mdomo wa mfuko mpaka akaupata uzi wa kuanzia, akaulegeza kwa ncha ya sindano ya magunia, akavuta, na mshono wote ukafunguka kama unamshukuru. Alichota kopo la kwanza. Punje zilikuwa nyeupe, za mviringo, safi. Akachota la pili. La tatu. Mkono ulitaka kuendelea. Alipofika kopo la nne alisimama akausikiliza mlango, ingawa alijua vizuri nani yuko mlangoni.

"Unafanya nini huko?" Bibi aliuliza.

"Nafagia, mama."

"Fagia vizuri," alisema Bibi.

Alirudisha uzi ule ule kwenye matundu yale yale, tundu kwa tundu, jasho likimtiririka puani. Makopo manne yaliingia kwenye ndoo ndogo, ndoo ikaingia nyuma ya kuni. Kisha akaketi kitandani na kujiona mwizi. Aliudhika zaidi kwa sababu alikuwa ameiba vitu vyake mwenyewe.

Alhamisi alfajiri Mwenyekiti aliuinua mfuko kuupandisha kwenye baiskeli, akasita. "Mbona mwepesi?"

"Wewe ndiye umepata nguvu," Bibi alimjibu toka mlangoni. "Uongozi unanenepesha."

Walifanya kazi siku mbili. Kisoda kimoja, kile kifuniko cha chupa ya soda, kiligawiwa kwa mashina mawili: nusu huku, nusu huku, upana wa vidole vinne kutoka kwenye shina. Mwenyekiti alichimba kwa kijiti, mkewe alitia na kufukia. Ardhi ilikataa. Kijiti kilivunjika, kikaletwa kingine, nacho kikavunjika, ikaletwa nondo. Vishimo vilitoka vifupi, na udongo wa kufukia ulikuwa mabonge ambayo hayakufunika kitu. Punje nyeupe zilionekana zimekaa juu zinaota jua.

Watu walipita njiani na majembe yao begani. Walisalimia kwa heshima. Wakishafika mbele kidogo vicheko vilisikika.

"Wanacheka nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Wanakucheka wewe."

"Tutaona nani atacheka mwisho wa msimu."

Mama Sindano alijaza kisoda, akatia nusu huku, nusu huku. Kila shina alilolitilia aliliomba radhi kimoyomoyo. Kumwacha mumewe peke yake shambani mbele ya wapita njia hakuweza, na kumuunga mkono hakuweza, kwa hiyo aliinama tu.

Ijumaa jioni mbolea iliisha, na mistari tisa ikabaki bila kupata kitu, yote ya kando ya njia. Mwenyekiti aliukung'uta mfuko, akauchungulia ndani, akaukung'uta tena.

"Tumezidisha wapi? Hesabu yangu ilikuwa sawasawa."

"Labda mkono wangu ulikuwa mzito," alisema mkewe.

"Ulikuwa mzito," Mwenyekiti alikubali, akaukunja mfuko mara nne, pembe kwa pembe.

 

Jumamosi mifuko mitupu ilikuja ghalani kwa furaha kubwa. Mwenyekiti alikaa mezani na kalamu. Kila mtu aliweka mfuko wake, akataja jina, akasubiri alama. Mifuko ilikuwa misafi mno. Haikuwa na tope, haikuwa na vumbi, haikuwa na hata jani lililong'ang'ania pembeni. Wa Mwenyekiti peke yake ulikuwa na rangi ya ardhi.

Kinyozi aliweka wa kwake mezani kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, huu hapa. Mtupu kuliko mfuko wa suruali yangu."

"Umetia mbolea?"

"Mfuko unasemaje?"

"Nakuuliza wewe. Jana nimepita kwako. Sikuona hata punje moja."

Kinyozi aliinama, akanong'ona, ila mnong'ono wa mtu aliyezoea kupiga soga na wateja husikika mpaka nje. "Kaka yangu. Kila mtu hapa ana ndoo nyumbani. Wewe mwenyewe unajua. Andika tu, mvua ikija tutatia, kiwanda kitapata alizeti yake, hakuna aliyeibiwa. Wewe umetia kweli?"

"Nimetia."

"Yote?"

"Yote."

Kinyozi alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekataa dawa. "Pole sana," alisema, na hakuwa na utani.

Mwenyekiti aliandika. Alama thelathini na tano, pamoja na yake, kwa ule mwandiko mzuri. Alikuwa amekataa kusema uongo mmoja, sasa alikuwa ameandika thelathini na nne, na aliporudi nyumbani alilala bila kula.

 

Siku ya nne baada ya hapo wingu lilikuja. Watu walitoka nje, wakasimama wametazama juu. Yakaanguka manyunyu. Yalidumu muda ambao maji ya chai huchukua kuchemka, yakalowesha vumbi kina cha kucha, yakaisha. Jua lilitoka likiwa kali kama limetukanwa.

Alasiri upepo uligeuka ukavuma kutoka shambani. Bibi aliinua pua.

"Nani amekojoa hapa?"

"Hakuna aliyekojoa, mama."

"Kuna harufu ya mkojo. Kali." Alivuta tena hewa, kisha akaacha kuchambua maharage. "Si mtu. Ni mbolea yenu hiyo. Inaondoka. Naisikia inavyopita hapa mlangoni."

Mama Sindano alikimbia shambani. Harufu ilimchoma macho. Manyunyu yale yalikuwa yameyeyusha punje, lakini hayakuwa na nguvu ya kuzizamisha. Nusu ilikuwa inapaa hewani na nusu imekaa juu ya mizizi kama chumvi kwenye kidonda. Alichota udongo kwa mikono akafukia shina moja, la pili, la kumi, kisha akatazama yaliyobaki, maelfu, akakaa chini palepale akalia kwa hasira. Hakulia kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Baada ya siku tano kingo za majani ziligeuka kahawia. Baada ya wiki majani ya chini yalikunjika na kukatika yakiguswa. Ajabu ni kwamba ile mistari tisa ya kando ya njia, iliyokosa, ndiyo pekee iliyobaki na rangi.

"Unaona?" Mwenyekiti alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulizungumzia. "Hata isiyopata ni afadhali."

Toka siku hiyo Mwenyekiti aliacha kwenda shambani. Akienda sokoni alizunguka kwa njia ya nyuma.

 

Mvua ya kweli ilinyesha siku ya kumi na tatu baada ya manyunyu yale. Ilipiga mabati usiku kucha, na asubuhi ardhi ilikuwa laini, nyeusi, imejaa. Kila nyumba ilifungua ndoo zake. Watu walikwenda mashambani kwa kukimbia, na visoda vyao, na watoto wao, wakiimba. Mwenyekiti alibaki kitandani ameuelekea ukuta.

Mama Sindano aliichomoa ndoo nyuma ya kuni. Bibi alimwona.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kufagia, mama."

"Nenda mwanangu. Fagia upesi kabla hapajakauka."

Alitia mistari tisa peke yake, asubuhi hiyo moja, kisoda kwa mashina mawili. Kidole kilizama kwenye udongo bila kuombwa. Makopo manne yaliishia shina la mwisho la mstari wa tisa. Alisuuza ndoo, akarudi nyumbani, na hakusema kitu. Alikusudia kusema siku ambayo mumewe atakuwa na moyo wa kusikia.

 

Wiki nne baadaye Bwana Shamba alikuja kukagua. Safari hii alivua kofia ngumu, na kikundi kizima kilitembea nyuma yake shamba hadi shamba. Shamba la Kinyozi lilikuwa la kwanza. Alizeti ilimpita mtu kichwani, mabua manene kama kifundo cha mkono, maua makubwa yote yametazama upande mmoja kama yanasikiliza hotuba.

"Mnaona, ndugu zangu?" Bwana Shamba alisema kwa furaha ya kweli. "Hii ndiyo faida ya kufuata ratiba. Huyu mtu ametia mbolea siku ya thelathini. Imengojea mvua ardhini, mvua imekuja imeikuta. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Kinyozi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mwenyekiti naye alipiga makofi, mara tatu, taratibu.

Shamba la Mwenyekiti lilikuwa la mwisho. Kutoka njiani lilipendeza: mistari tisa ya kijani, imesimama imara, imechanua. Bwana Shamba alitabasamu, akaupita mstari wa kwanza, wa pili, akaingia ndani. Tabasamu likaisha. Nyuma ya mstari wa tisa alizeti ilikuwa fupi, ya njano, mabua membamba, maua madogo kama vifuniko vya chupa. Mengine yalikuwa yamekauka kabisa. Alirudi njiani, akaenda tena ndani, kama mtu anayehakikisha kwamba hajaota.

"Mwenyekiti, mbolea uliitia?"

"Niliitia. Yote."

"Wapi?"

"Humu. Shamba zima."

"Mimi nina macho." Bwana Shamba hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Shamba lililotiwa mbolea na lisilotiwa nayajua. Mistari tisa hii imetiwa. Kuanzia hapo kwenda ndani haikutiwa. Na hii tisa iko kando ya njia, hapa hapa ninapopita na pikipiki. Haya nimeyaona kwenye vikundi vingine. Sikutegemea kuyaona kwa mwenyekiti. Iliyobaki uliiuza wapi?"

Mwenyekiti hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anaitazama mistari tisa. Alikuwa hajafika pale kwa wiki nyingi, na sasa aliona majani yale ya kijani kizito, ya mmea ulioshiba. Mmea uliokosa mbolea hauwi hivyo. Alihesabu. Akakumbuka mfuko ulivyokuwa mwepesi, hesabu iliyokuwa sawasawa, na mkono uliokuwa mzito. Akageuka polepole akamtazama mke wake.

Mama Sindano alitoka kwenye kundi.

"Hakuuza. Aliitia yote kwenye vumbi, siku mliyomtaka aitie, nami nilikuwa nashika kisoda. Iliungua, ikaunguza na shamba. Hii tisa ni yangu. Nilimwibia mume wangu makopo manne kabla hajaenda, nikayaficha, nikayatia mvua iliponyesha. Basi hiyo ndiyo unayoiona."

"Mama, unamtetea mumeo, naelewa..."

"Simtetei! Nilimwambia asitie, akatia, namkasirikia mpaka leo. Lakini mwizi ni mimi, yeye hajui hata kuiba. Na wewe umesomea udongo. Ulijua. Siku ile ulipofunga kile kijitabu ulijua."

Bwana Shamba alitazama chini. Alijua, na shingo yake iliyoinama ilionyesha hivyo. Lakini alifungua daftari, akalielekeza kwake kama anayeomba msaada. "Mama yangu, hapa nina nafasi mbili tu. Imetiwa. Haikutiwa. Habari hii yako sina pa kuiandika. Na nikiandika imetiwa, bosi akija akaona shamba hili pembeni ya hayo mengine, ataniuliza, mbona wenzake waliotia siku hiyo hiyo mashamba yao ni mazuri?"

"Basi waulize hao wenzake!"

Alinyoosha mkono kuelekea kundi. Watu thelathini na wanne waliishiwa pa kutazama. Mmoja alifunga kamba ya kiatu. Mwingine alimfukuza nzi ambaye hakuwepo. Kinyozi alikagua kucha zake, moja baada ya nyingine, na alipomaliza mkono wa kulia alianza wa kushoto. Walikuwa watu wema. Wangemchangia Mwenyekiti akifiwa. Ila kila mmoja alikuwa na shamba linalochanua na jina kwenye orodha.

Mwenyekiti angeweza kusema. Majina yote aliyaandika yeye, kwa mkono wake, na ndoo zote alizijua. Alifungua mdomo.

"Andika," alisema Mwenyekiti.

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Bwana Shamba aliandika. Kalamu ilikwaruza mara moja tu, kwenye Haikutiwa, na jina la Mwenyekiti likafutika.

 

Saa kumi alasiri Kinyozi alikuja kubisha hodi. Hakuingia, alisimama uani amekumbatia kofia yake.

"Shemeji. Kaka. Nimekuja kusema kwamba mkivuna ile mistari tisa, leteni kwangu. Nitaipima kiwandani kwa jina langu, nitawaletea chenu chote. Sitachukua hata senti."

Bibi alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akarudi tena miguuni.

"Mlikuwa thelathini na wanne," alisema Bibi. "Mdomo hata mmoja?"

"Mama, nina watoto."

"Tutaleta," alisema Mwenyekiti ghafla. Sauti ilitoka kavu. "Kwa jina lako. Tutaleta. Ahsante."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akaondoka karibu kwa kukimbia. Mwenyekiti alibaki kwenye benchi. Daftari la kikundi lilikuwa magotini pake. Kesho angelipeleka kwa mwenyekiti mpya, na kila mtu alijua mwenyekiti mpya ni nani, kwa sababu shamba lake ndilo lililopigiwa makofi. Mkewe alikuwa anaosha ile ndoo ndogo ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Alisubiri apigiwe kelele. Alikuwa na majibu ya kila kelele.

"Makopo manne," alisema Mwenyekiti.

"Manne."

"Ulifungua mshono mzima?"

"Wote."

Mwenyekiti aliinamia daftari. Alipoinua uso, Mama Sindano aliona kwamba hasira aliyokuwa akiingojea haikuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Sasa kama mfuko ulishaufungua," alisema Mwenyekiti, "na ulijua, mbona hukuchota yote?"

Mama Sindano aliigeuza ndoo mdomo chini ili ikauke.

"Ningechota yote ungetia nini shambani? Hiyo nyingine nilikuachia wewe, uwe Mwenyekiti."